Kompresa ao turbo mbili?

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za kwaya na za mpira. Leo sisi ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja wa mwaka wa tano mekanika, mwingine wa mwaka wa tatu, tunaomba nafasi kidogo kwa neno lililotukosesha usingizi muhula mzima.

Yaya wetu anaishi Ubelgiji, anafanya kazi ya usiku. Alijinunulia gari la mbio, Nissan 350Z ya zamani, moteri V6 ya litre 3.5, nguvu ya farasi 280. Kwetu sisi hizo ni nyingi kabisa, lakini yeye anaona bado. Akatuandikia: «Ninyi munaosoma mekanika, munishauri. Nitie kompresa moja ao turbo mbili?» Tulifurahi kuulizwa kama watu wazima. Kisha tukakumbuka kwamba minervali yetu inatoka katika mufuko uleule.

Wenye kusoma latini watuvumilie, tueleze kwanza. Kuongezea moteri esanse ni kazi rahisi. Shida ni hewa, maana inaingia kwa mkazo wa anga tu. Basi mutu akitaka nguvu zaidi bila kubadilisha moteri, anaisukuma hewa ndani. Kompresa inazungushwa na moteri yenyewe kwa mukaba. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka, na inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika moja. Njia zote mbili ni za zamani. Ndugu Roots wa Connersville, kule Marekani, walipewa hati ya mashine yao ya kupuliza hewa mwaka 1860, wakati hakuna gari la esanse duniani. Alfred Büchi, Mswisi, alipata hati ya turbo mwaka 1905.

Mdogo alisimama upande wa turbo, wala hakutoka pale. Alisema moshi ni nguvu inayotupwa bule, heri ifanye kazi. Kompresa inakula kwanza jasho la moteri ndipo inarudisha. Tena, huku kwetu Kivu, kwenye mita 1,500 juu ya bahari, hewa imepunguka karibu sehemu 15 kwa mia. Ndiyo maana lori la turbo linapanda mlima na mizigo, na lile lisilo na turbo linalia. Neno hili ni la kweli, tumelisikia kwa masikio yetu kila siku ya soko. Lakini mukubwa akauliza: Yaya anapanda mlima gani? Kule anakokaa nchi ni tambarare kama meza.

Mdogo akaleta mfano mwingine. Chevrolet Corvette ZR1 ya mwaka 2009 ilikuwa na kompresa, farasi 638. Ile ya 2019 kompresa tena, 755. Ile ya 2025 wameacha kompresa, wametia turbo mbili, na farasi ni 1,064. Ford GT vilevile: ya 2005 ilikuwa na kompresa, ya 2017 turbo mbili. Kama wakubwa wa Marekani wamehama, sisi ni nani?

Hapo tulibishana mpaka taa ikazimwa. Kiwanda kinajenga moteri tangu mwanzo kwa ajili ya turbo: pistoni, biele, mafuta, radiatere, vyote. Moteri ya Yaya haikujengwa hivyo. Inabana hewa mara 10.3, kipimo cha juu kwa moteri ya kusukumiwa. Ukiongeza mkazo mwingi, esanse inawaka kabla ya saa yake, inagonga ndani ya silinda, na biele za moteri hii hazisifiwi na wenye kuijua. Kwa hiyo, achague lolote, asipite nusu bar, anunue esanse ya 98, na mupimaji mwenye ujuzi apange upya kompyuta ya moteri.

Watu husema kompresa inatii mara moja, na turbo inakawia. Porsche 911 Turbo ya 1975 ilijulikana kwa tabia hiyo: dreva anakanyaga ndani ya kona, kimya, halafu nguvu yote inakuja pamoja, na mkia wa gari unataka kutangulia. Turbo mbili ndogo, kila moja kwa silinda tatu, zinapunguza kukawia huko. Na kompresa zinazouzwa sana kwa gari la Yaya si za namna ya Roots, ni za santrifuge. Mkazo wake unapanda pamoja na mizunguko, chini hautoi kitu kikubwa. Basi ile sifa ya kutii mara moja, hapa imepungua nusu. Mdogo alicheka sana siku hiyo.

Ila turbo mbili zinakaa chini, kando ya moteri, penye nafasi finyu na moto mkali. Lazima kuzitilia njia ya mafuta ya kwenda na ya kurudi. Saa za kazi ni nyingi, na kule saa ya mekanisien inalipwa kweli kweli. Kompresa inakaa mbele, na siku ya kuuza gari inaweza kuondolewa. Tena nguvu ya moteri imeandikwa katika karatasi za gari. Akiigeuza bila ruhusa, atapata matata na wapimaji na hata na asiransi.

Tulimwandikia hivi: kompresa, mkazo mdogo, baada ya karatasi. Mukubwa akaongeza habari ya W. O. Bentley, ambaye hakutaka kabisa kompresa kwa magari yake. Birkin aliitia kwa nguvu. Le Mans ya 1930 magari yake mawili yalikufa njiani, na Bentley isiyo na kompresa ikashinda. Mwisho wa barua tukauliza pia, kwa heshima, habari ya minervali.

Jibu limefika. Mwaka huu Yaya atanunua freni na mipira mipya tu. Pesa za muhula wa pili tumezipokea Ijumaa. Mdogo ameandika barua nyingine peke yake, juu ya turbo, na amekataa kutuonyesha.