Habari Zilianzia Mkiani

Binti wa kaka yangu, anayesomea uandishi wa habari, aliniuliza juzi: "Shangazi, huyo Chakubanga alikuwa waziri wa nini?" Nilicheka, kisha nikakasirika. Mtu anakaribia kupata shahada ya habari bila kumjua Chakubanga, katuni ya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, iliyotuchekesha wakati kurasa nyingine zote zimejaa hotuba!

Mimi magazeti niliyajulia Tabora, katika duka moja karibu na stesheni. Mwenye duka tulimwita Babu Gazeti. Uhuru lilikuja na treni kutoka Dar es Salaam. La Jumatatu tulilisoma Jumatano na hakuna aliyeona limechacha. Makubwa Redio Tanzania ilikwisha kuyatangaza, lakini redio huwezi kuiambia "hebu rudia hapo".

Duka lilinuka mafuta ya taa, tumbaku na sabuni ya mche. Babu alivaa miwani ambayo mguu wake mmoja ulikuwa uzi, akawasomea kwa sauti waliokaa kwenye benchi: wastaafu wa reli, utingo wa malori, sisi watoto tuliotumwa chumvi. Na alianzia mwisho. "Mwanzo ni wa mheshimiwa," alisema, "wetu uko mkiani." Juu, waziri anawataka wananchi waongeze bidii. Chini kabisa, mstari mmoja: kiwanda kimesimama kwa kukosa vipuri. Babu alivua miwani. "Basi mwezi huu sabuni hakuna." Wenye akili walinunua mche palepale.

Likishasomwa, gazeti lilichanwa kwa kisu cha mkate, likawa la kufungia karanga na dagaa. Ila ukurasa wenye picha ya Rais, Babu hakuuchana. Aliukunja vizuri akauweka chini ya mizani, na rundo lile likazidi kunenepa. Nimeipitia Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976: inawabana wachapishaji na waandishi, na inampa Waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Dagaa haimo. Babu hakuwa ameisoma, lakini alijua kwamba sheria inayomtisha mhariri wa Dar es Salaam haishindwi kufika Tabora. Nayo inapanda treni.

Mwaka 1983, wa msako wa wahujumu uchumi, Serikali ilipowakamata waliotuhumiwa kuficha bidhaa, Babu alitoa kila mche wa sabuni akaupanga juu ya kaunta, uonekane tangu barabarani. Kusoma hakuacha. Ila siku zile alisoma kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akianzia mwanzo.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Vyama vingi 1992, Majira mwaka uliofuata, televisheni, magazeti ya udaku, Mwananchi mwaka 2000. Mahali fulani katikati ya hayo Babu alifariki, na duka likawa la vocha, kisha la wakala wa pesa za simu. Ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mwaka mmoja baadaye Sheria ya Huduma za Habari ikachukua nafasi ya ile ya 1976. Mwaka 2018 hata mwenye blogu akatakiwa kuwa na leseni. Katika kundi letu la WhatsApp la ukoo, msimamizi hufuta lolote linaloigusa serikali kabla halijasomwa na watu watatu. Rundo la chini ya mizani bado linanenepa.

Kinachoniudhi zaidi ni wasomaji. Kurasa za mbele zinaingia kwenye simu kabla ya chai, watu wanabishana juu ya kichwa ambacho kiwiliwili chake hawajakiona, na kufikia saa nne wamehamia kichwa kingine. Mwaka 2017 Serikali ilipoziagiza redio na televisheni zisome vichwa vya habari tu katika vipindi vya magazeti, wengi walilalamika. Leo tunajiagiza wenyewe.

Sizililii siku zile. Gazeti lilikuwa la chama, na mengi yalinyamaziwa kabisa, hata mkiani hayakufika. Lakini ilimbidi mhariri atoe jasho kulificha jambo, maana Babu na benchi lake walimfuata mpaka nukta ya mwisho. Mhariri wa leo hana haja ya kuhangaika hivyo. Akilitupa aya ya pili, limezikwa.