Kitambaa cha Ndani

Mama aliniletea kijikasha chake Ijumaa moja baada ya sala. "Kibadilishe kitambaa, mwanangu. Hiki kimechoka."

Karakana ya ami yangu iko Mji Mkongwe, Unguja. Yeye huchonga nakshi na kugongelea misumari ya shaba. Kazi yangu mimi ni ndani. Mteja huipapasa nakshi kwa muda mrefu, kisha hufungua kifuniko mara moja, basi.

Napima kila upande, halafu nakata kadibodi iliyopungua kama milimita 2, kwani kitambaa nacho kinataka nafasi ya kujikunja. Mahameli naipapasa kwanza nijue manyoya yanalalia wapi. Ukikosea, upande mmoja utaonekana umekoza na mwingine umepauka, ilhali umekata jora moja. Gundi naipaka nyuma ya kadibodi tu, kwenye pindo. Ikipenya hadi usoni, doa halitoki.

Cha mama nilikiweka karibu na mlango penye mwanga, nikachukua patasi nyembamba nianze kubandua. Hapo ndipo nilipoiona alama kwenye kitako. Manyoya yalikuwa yamelala kwa mstari uliojizungusha mara mbili, na katikati yake kiduara ukubwa wa sarafu.

Mkufu wake wa pauni, aliopewa katika mahari.

Mara ya mwisho kuuona shingoni mwake ilikuwa harusi ya dada yangu, miezi michache kabla sijaanza chuo. Mwaka ule jina langu halikutoka kwenye orodha ya mikopo. Nilishaanza kuulizia kazi bandarini, mama akanikabidhi ada, noti zimefungwa kwenye pembe ya kanga. "Zamu yangu ya upatu imefika," alisema. Nikaamini. Baadaye nilipomuuliza mbona havai mkufu, alisema shingo inamwasha. Hilo nalo nikaliamini, nikarudi kwenye vitabu vyangu.

Alama kama zile zina dawa. Unachemsha birika, unaupitisha mvuke, manyoya yanasimama tena kama hayajawahi kulaliwa. Niliwasha jiko. Birika lilipoanza kulia, nikalizima.

Nikakata kadibodi mpya, nikaivisha mahameli ya kijani, nikailaza juu ya ile ya zamani bila kuibandua. Ami angeniona angenikaripia. Kwake yeye, kitambaa juu ya kitambaa ni kazi ya mvivu.

Jioni nilimpelekea. Alikifungua, akanusa gundi, akasifu rangi. Kisha akabonyeza kitako kwa kidole.

"Mbona chini pamenyanyuka?"

"Sponji, mama."

Akabonyeza tena, taratibu, palepale katikati. Akanitazama kidogo, akafunga kifuniko, akaniuliza kama nimeshakula.