Ufahamu

Sekondari yetu ya kata ilifunguliwa lipu haijakauka. Ulikuwa wakati wa MMES, mpango wa serikali ulioanza mwaka 2004, uliohimiza kila kata iwe na sekondari yake, na kwetu Kiberege, bonde la mpunga, wazazi waliitikia kwa walichokuwa nacho: mmoja tofali, mwingine mchanga, asiye na kitu akachota maji ya kuchanganyia zege baada ya kutoka shambani. Niliingia kidato cha kwanza Januari 2007. Wengi wetu tulikuwa wa kwanza katika ukoo kuvuka darasa la saba.

Kilichotupokea ni Kiingereza. Shule ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe. Usanisinuru tuliujua vizuri: jani, mwanga wa jua, maji, hewa ya ukaa, chakula cha mmea. Tungeweza kuueleza kwa mfano wa mpunga uliokuwa unaonekana pale dirishani. Kisha zikapita wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza, na somo lile lile likarudi ubaoni likiitwa photosynthesis. Hakuna aliyenyoosha kidole. Tulinakili. Wenzangu waliokuwa wakibishana na walimu shule ya msingi, watoto wenye akili kali na maswali mengi, walinyamaza ghafla, na wengine hawakusema tena darasani mpaka walipoacha shule. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu uvivu haukuwamo. Walikuwa wakijua, ila lugha ya kusemea waliyoijua ilikuwa imebaki darasa la saba.

Mitihani ya Kiingereza ilianza na kifungu cha habari na maswali chini yake. Shule ya msingi tuliita ufahamu. Sekondari tukaita kompri. Kaka zetu waliotangulia walitufundisha mbinu: soma swali kwanza, chagua neno moja lililo refu au geni, litafute kwenye kifungu, ukilipata nakili sentensi yote kuanzia herufi kubwa hadi nukta. Swali likiuliza kwa nini mkulima aliuza bicycle, wewe tafuta bicycle. Mbinu ilifanya kazi. Alama zilipatikana, daftari likarudi na vyema vya wino mwekundu, na nyumbani wakafurahi kwamba mtoto anasoma Kiingereza.

Mwaka ule ule akaja mwalimu kijana. Alikuwa mmoja wa wale waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache, wakapelekwa shule za kata zilizokuwa na njaa ya walimu. Watu waliwaita voda fasta, kwa jina la huduma ile ya kuongeza salio la simu kwa haraka, na jina lilikuwa la dharau. Huyu wetu alipanga chumba kando ya barabara iendayo Ifakara, akala dagaa na wali kama sisi, na nasema bila kusita kwamba sijafundishwa na mwalimu bora kuliko yeye, hata chuoni.

Siku moja aliandika ubaoni sentensi hii: The drabel glinked a sopen near the tiv. Akauliza kwa Kiingereza: drabel aliglinki nini? Vidole vikajaa hewani. Sopen! Wapi? Near the tiv! Nani aliyeglinki? The drabel! Tulipata yote. Akaweka chaki mezani, akatuuliza kwa Kiswahili, taratibu:

“Haya. Drabel ni mtu au mnyama?”

Kimya.

“Sopen inaliwa?”

Kimya tena.

“Maneno haya nimeyatunga mimi jana usiku, hayapo katika kamusi yoyote. Mmepata maswali yote, na hamjasoma kitu.”

Kuanzia hapo kompri ikabadilika. Tulisoma kifungu mara mbili, tukafunga daftari, kisha kila mmoja akamgeukia wa jirani yake akamsimulia kwa Kiswahili kilichotokea, kama anavyosimulia nyumbani. Mwenzako alikuwa na haki ya kukukatiza: “Subiri, huyo mzee alikasirika kwa sababu gani?” Ukishindwa, mnarudi kwenye kifungu pamoja. Baada ya hapo ndipo maswali yalijibiwa, kwa Kiingereza, kwa maneno yetu wenyewe, na aliyenakili sentensi nzima alirudishiwa daftari bila alama. Mwanzoni alama zetu zilishuka, na wapo waliolalamika. Ikumbukwe kwamba wakati huo sekondari nyingi nchini zilikuwa zikimwadhibu mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili. Mahali pengine alivishwa kibao shingoni mpaka amsikie mwenzake naye akikosea. Mwalimu wetu ilimbidi amweleze mkuu wa shule kwamba Kiswahili cha darasani kwake kina kazi. Mkuu alimwachia.

Sarufi nayo aliijenga juu ya lugha tuliyokuja nayo. Tulikuwa tukikariri he goes, she goes, halafu tukizungumza tunaisahau ile s kila mara. Akatuambia: nyinyi mnasema ninakwenda, unakwenda, anakwenda; kitenzi chenu kinamtii mtenda kwa kichwa chake, Waingereza wamebakiza utii kidogo tu mkiani. Hapo s ikaacha kuwa mkosi. Kuhusu a na the, akasema a ni ya mgeni anayeingia kwenye hadithi kwa mara ya kwanza, the ni ya yule tuliyekwisha kumfahamu. Akatupa hadithi fupi za kujaza nafasi, na tulijaza tukibishana kama mtu huyu tumeshakutana naye au bado.

Kwenye nyakati ndipo alipotuteka kabisa. Reli ya TAZARA inapita bondeni kwetu tangu miaka ya 1970, na hakuna familia isiyokuwa na kisa cha kuachwa na treni. Akaandika: Tulipofika, treni ilikuwa imeondoka. Akatuonyesha mambo mawili yaliyopita, moja likitangulia jingine, akaandika chini yake: When we arrived, the train had left. Ile had iliyokuwa ikitutesa tukaiona imekaa pale pale penye ilikuwa ime-. Siku nyingine akaleta -nge- na -ngali-, akatuongoza hadi would na would have. Lakini alituonya pia pale lugha zinapoachana: nimevaa shati si I have worn, ni I am wearing, nimekaa ni I am sitting. Alisema ukijua lugha zako mbili zinapoachana, hapo ndipo utakapokuwa mwangalifu. Alituambia pia kwamba Mwalimu Nyerere, aliyeitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, hakuacha Kiswahili mlangoni ili aingie kwenye Kiingereza.

Masomo yetu mengine yalikuwa shambani. Mpunga ukianza kutia maziwa, watoto wa Kiberege wanaamia ndege. Unapanda kwenye dungu alfajiri, kombeo mkononi, na kwelea kwelea wakishuka unapiga kelele. Sisi tulipiga kelele za vitenzi. Go, went, gone! Eat, ate, eaten! Dungu la pili linaitikia, la tatu linapokea, na wadogo zetu ambao hawajaanza hata darasa la kwanza wakavijua kwa sauti.

Mwalimu alikuwa na boksi la vitabu vya hadithi alivyovitoa Morogoro, tukiazimana. Mimi niliangukiwa na Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala. Nikawa nasoma dunguni, na mama akija na uji ananiuliza kinasema nini. Nikamwambia ni kisa cha mwanamke anayeendesha basi. Mama, ambaye Kiingereza hakijui, alianza kuuliza maswali ambayo hakuna mtihani ulionipa. “Ana mume? Mume anasemaje? Abiria wanamheshimu? Na wewe mwanangu, umejuaje kwamba ana hasira, kitabu kimesema au umekisia?” Swali la mwisho lilinirudisha kitabuni usiku, kwenye kibatari, nikitafuta mahali penyewe. Huo ndio ulikuwa ufahamu, na aliyenitahini alikuwa mkulima wa mpunga.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba tatizo letu lilikuwa limeandikwa kabla sijazaliwa. Tume ya Makweta, iliyochunguza elimu nchini, mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kifundishie hadi sekondari na juu zaidi. Mwaka 1984 watafiti Clive Criper na William Dodd waliangalia Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta ni kidogo mno kubeba masomo mengine. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikataja Kiswahili kwa ngazi zote. Sekondari bado inafundishwa kwa Kiingereza. Mimi naona Tume ya Makweta ilikuwa sahihi, na naona pia kwamba Kiingereza kikifundishwa kama somo, na mtu anayejali, mtoto wa kijijini anakipata vizuri kuliko akikimezeshwa ndani ya baiolojia. Darasa letu lilikipata kwa kupitia Kiswahili.

Yule mwalimu aliondoka kwenda chuo kikuu kabla hatujafika kidato cha nne, na aliyempokea alirudi kwenye kunakili.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kiingereza, walioko Mang'ula, Mlimba, Malinyi na kokote kule: kabla ya kukusanya madaftari ya kompri, mwambieni mtoto afunge kitabu na awasimulie alichosoma kwa lugha anayoiota usiku. Akishindwa, msimpe alama hata kama majibu yote ni sahihi. Rudini naye kwenye kifungu.