Subira ya Dakika Moja na Nusu

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipatia katika chumba cha kompyuta.

Muhula uliopita chama chetu kilinipa kazi ya kupiga chapa makala za jarida hili. Kompyuta niliyotumia ni ya Linux. Siku ya mwisho nilimaliza saa kumi na mbili jioni, nikahamishia faili zote kwenye diski ya nje ya chama, kisha nikabonyeza pa kuzimia. Karatasi za wenyewe nilikuwa nimeshazitupa. Za nini tena?

Lo! Kompyuta ikagoma kuzimika. Kioo kikawa cheusi, maandishi yakasema kazi ya kuifunga ile diski bado inaendelea, na sekunde zikaanza kuhesabiwa kuelekea dakika moja na nusu. Mara kengele ya chakula ikalia. Nanyi mnajua maharagwe hayamngoji mtu! Niling'oa waya ukutani, huyoo nikaenda zangu.

Asubuhi faili sita hazikuwemo. Moja ilikuwa shairi la mvulana wa kidato cha kwanza.

Mwalimu mlezi hakunigombeza. "Kijana," aliniambia, "kompyuta haikugoma. Ilikuwa inaandika." Kumbe Linux huziweka faili kwanza katika kumbukumbu, halafu huziandika diskini polepole. Wewe waona kazi imekwisha, kumbe nusu bado iko njiani. Na kule zilikotoka zilikuwa zimeshafutwa.

Akanionyesha desturi njema. Kwanza toa amri ya sync, ungoje iishe. Kisha itenganishe diski kwa umount kabla ya kuzima. Nilipojaribu, nikaambiwa diski ina shughuli. Mwalimu akacheka, akaandika fuser -vm na jina la mahali diski ilipounganishwa. Orodha ikamtaja mwenye kuizuia: dirisha langu mwenyewe la amri, ambalo nililiacha ndani ya folda ya diski hiyo! "Unataka kufunga chumba na wewe umekaa ndani?" akauliza. Nikatoka kwa cd, diski ikakubali mara moja.

Basi ikabaki kazi ngumu zaidi, kumwendea mwenye shairi. Wale watano walikuwa na nakala, yeye hakuwa nayo. Nilimkuta bwenini, nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Chukua kalamu, kaka." Akanisomea kwa kichwa ubeti mmoja baada ya mwingine. Alipofika wa nane akakwama. Tulikaa mpaka taa zikazimwa, haukuja.

Wasomaji wapenzi, shairi hilo mtalikuta humu jaridani. Lina beti saba. Wa nane niliupoteza mimi, kwa kukosa subira ya dakika moja na nusu.