Risasi Huishia Wapi?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii inafaa sana shambani, maana huwakemea wale ambao kila asubuhi hawakosi kasoro ya mpini. Lakini kwa mtu mwenye bunduki mkononi naona haifai. Katika uwindaji, kuchagua chombo ni sehemu kubwa ya kazi yenyewe, na mwindaji asiyechagua ni hatari kwa jirani zake.

Ndege aliyenifanya niyafikirie haya ni kanga wa porini, yule mwenye madoa meupe na pembe fupi kichwani, ambaye wengi husema ndiye aliyeipa jina nguo ya kina mama. Huku kwetu Bariadi makazi yake ni kwenye ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo ipate kula kiangazi, na pembezoni mwa mashamba ya mtama na pamba. Kanga hutembea kwa makundi, hupenda kukimbia kuliko kuruka, na jioni hupanda mitini kulala. Uzito wake ni kilo moja na ushei. Ni kitoweo cha kaya moja kwa siku moja, basi.

Marehemu baba aliwawinda ndege hawa katika miaka ya themanini, wakati Bariadi ilipokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga (Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012). Alikuwa na kibali cha silaha na leseni ya kuwinda ndege, na karatasi hizo alizitunza kuliko bunduki yenyewe. Bunduki ilikuwa ya marisau, mtutu mmoja, namba 12. Namba hiyo si ya milimita. Maana yake ni kwamba ukigawa ratili moja ya madini ya risasi katika goroli 12 zilizo sawa, kila goroli itaenea ndani ya mtutu huo. Katika fashifashi moja ya kuwindia ndege mna marisau madogo zaidi ya 200. Yakitoka mtutuni hutawanyika, na hadi hatua 35 au 40 hivi yanaweza kumwangusha ndege. Yakifika mita 300 yamekwisha nguvu na kuanguka chini kama mchanga.

Baba alipofariki bunduki ilikabidhiwa polisi, kwa kuwa silaha hairithiwi kama ng'ombe. Tukakaa miaka mingi bila bunduki nyumbani. Ndipo hivi karibuni mpwa wangu, kijana mwenye kazi yake na akili zake, alipokuja jioni moja na ombi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Habari za huko?"

Habari zilikuwa njema. Alitaka kuomba kibali cha kumiliki raifo ndogo, ile ya .22, na alitaka nimsemee kwa uongozi wa kijiji. Akaanza kunieleza ubaya wa bunduki ya babu yake, na nakiri kwamba hoja zake zilikuwa na uzito. Alisema marisau hayachagui. Ukilifyatulia kundi, utaokota kanga wawili, na wengine watatu watakimbia na majeraha na kufia vichakani, wakawa chakula cha fisi. Isitoshe, mlaji huuma vipande vya risasi katika nyama. Raifo, alisema, hutoa risasi moja kwa ndege mmoja, tena kwa hatua 70 au 80, na anayejua kulenga kichwa haharibu hata kidogo cha nyama. "Huo ndio uwindaji wa kistaarabu, mjomba."

Ni kweli. Mtu akinionyesha kanga mmoja aliyesimama mbele ya kichuguu kikubwa, nami nikaulizwa ni chombo gani kitamuua bila kumtesa, nitasema raifo. Shida ni kwamba kichuguu hakipo kila mahali. Risasi ya .22, kwa udogo wake wote, huweza kusafiri kilomita moja na nusu na zaidi. Risasi ya raifo kubwa, kama ile ya .30-06, huenda kilomita nne au zaidi, na mbali na hayo humpasua kanga hata asifae kupikwa. Sasa itazame nchi yetu. Sehemu kubwa ni tambarare. Nyuma ya kanga kuna mtama, nyuma ya mtama kuna mtoto wa miaka kumi anayechunga ng'ombe, na nyuma ya mtoto kuna mama anayechuma pamba. Jioni, kanga akiwa juu ya mti, nyuma yake kuna mbingu tupu, na risasi iliyomkosa itashuka kijiji cha pili. Wakati wa kiangazi ardhi hukauka ikawa kama sakafu, na risasi inayoigonga kwa mshazari huweza kudunda na kushika njia nyingine.

Nilimwambia kuwa hata Wamarekani, wenye bunduki nyingi kuliko watu, hawajaacha kubishana juu ya jambo hili. Wao huwinda bata mzinga wa porini, ndege ambaye jina lake la kisayansi, Meleagris, lilikuwa jina la Kigiriki la kanga wetu, kwa sababu Wazungu wa zamani waliwachanganya ndege hawa wawili. Katika majimbo mengi, bata mzinga wa majira ya kuchipua huwindwa kwa marisau au kwa upinde, na raifo hairuhusiwi. Mwindaji hujificha katika nguo za rangi ya majani na kuiga sauti ya jike. Mwindaji mwingine akiisikia sauti hiyo huenda akadhani ni ndege. Lakini jimbo la Texas, lenye mashamba makubwa ya watu binafsi, huruhusu raifo na hata bastola katika wilaya zake nyingi. Wapo huko wanaopenda bastola kwa sababu ni ngumu kulengea, nao huuona ugumu huo kuwa heshima. Kwetu bastola huonekana kiunoni mwa askari au mfanyabiashara, na sioni kanga atapata heshima gani kwa kujeruhiwa na mtu anayejipima ustadi.

Wala nisiisahau gobole, bunduki ya maskini, inayoshindiliwa baruti na vipande vya chuma. Hiyo ina ubaya wa pande zote mbili: haina shabaha, na huweza kumlipukia mwenyewe usoni.

Baba alikuwa na kanuni ambazo mpwa wangu hakuzikuta. Hakufyatua zaidi ya hatua 30. Hakulifyatulia kundi; alingoja mmoja ajitenge, hata kama kungoja huko kulimrudisha nyumbani mikono mitupu, na mara nyingi kulimrudisha hivyo. Kwa kanuni hizo, lawama nyingi za marisau huondoka. Lakini risasi ya raifo ikishatoka, hakuna kanuni ya kuifupisha. Ndiyo sababu nilimwambia mpwa wangu kwamba kwa bunduki ya marisau nitamsemea hata kesho, lakini kwa raifo sitasema neno mpaka anionyeshe, kwa kidole, ni kilima gani kitakachokuwa nyuma ya kanga wake.

Hakupendezwa. Alisema ninamfananisha na watu wazembe, ilhali yeye ana shabaha. Nami sina shaka na shabaha yake. Ninachokipima ni zile mita elfu moja zilizo nyuma ya ndege, ambako shabaha yake haifiki na risasi yake inafika. Watoto wanaochunga huko hawakuulizwa kama wanamwamini.

Hadi ninapoandika haya hajaomba kibali cha silaha yoyote, na salamu zake kwangu zimepungua urefu. Ni mtoto wa dada yangu na ninampenda. Nitavumilia salamu fupi. Msomaji, kama nawe una kijana anayekuomba umsemee, usimwulize kwanza kama anajua kulenga. Mwulize risasi yake ikimkosa ndege itaishia wapi, kisha mwende pamoja mpaka mahali hapo mkaone ni nani anaishi.