Muhuri Chini ya Grisi



Wapendwa waamini, juma hili tunapenda kuwashirikisha tafakari iliyotujia kwa njia ya baiskeli kuukuu.

Jumamosi moja alasiri, kijana wa kigango kimojawapo alifika ofisini kwetu hapa Ngokolo akikokota baiskeli ya marehemu babu yake, aliyekuwa katekista. Mnunuzi mmoja alikuwa ameahidi kumpa shilingi laki sita kwa sharti kwamba baiskeli iwe ya kabla ya Uhuru, na padri athibitishe hivyo kwa barua. Kijana hakuwa na shaka. Nyumbani kwao husimuliwa kwamba babu alipewa baiskeli hiyo na wamisionari wa Maryknoll mwaka 1956, mwaka ule ule Jimbo la Maswa lilipobadilishwa jina na kuitwa Jimbo la Shinyanga. Mama yake alikuwa akisubiri upasuaji, na fedha zilihitajika upesi.

Tunakiri mbele yenu kwamba tulikwisha kufungua mtoto wa meza na kutoa muhuri wa parokia. Simulizi lilikuwa zuri, shida ilikuwa ya kweli, na hatukuona nani angedhurika. Kilichotuzuia hakikuwa utakatifu, bali udadisi. Tulitaka kuandika aina ya baiskeli kwa usahihi, tukamwomba kijana twende kwanza kwa fundi mzee afanyaye kazi chini ya mwarobaini.

Fundi hakuitazama rangi. Alisema rangi na kutu huwadanganya wengi, kwa kuwa baiskeli hupakwa rangi upya, na kutu haihesabu miaka. Alianza na gurudumu la meno la mbele, panapofungwa pedali. Kwa BSA, alisema, mara nyingi utaona herufi hizo tatu zimekatwa ndani ya chuma. Humber ya zamani hutambulikana kwa uma wa mbele wenye vyuma pacha kila upande. Hii yetu ilikuwa na umbo la ndege korongo, na beji ya mbele ilikuwa na kichwa cha ndege huyo huyo. Ni Raleigh, iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza, yenye breki za fito na gia tatu.

Lakini ni ya mwaka gani? Namba ya fremu, alisema, haitoi jibu kwa urahisi. Alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akafuta grisi iliyoganda juu ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Yakatokea maandishi Sturmey-Archer, herufi AW, kisha tarakimu 64 na 3. Habu za AW zilianza kutengenezwa mwaka 1936 na sura yake haikubadilika sana kwa miongo mingi, hivyo umbo peke yake halitoshi. Ila kiwanda kilizoea kugonga mwaka na mwezi juu ya chuma. Hiyo ilikuwa Machi 1964, zaidi ya miaka miwili baada ya Uhuru, na mwezi mmoja kabla ya Muungano.

Kijana akanyong'onyea. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Padri, labda gurudumu lilibadilishwa.” Hoja yake ilikuwa ya haki, na fundi mwenyewe aliikubali: habu hutoa ushahidi wa gurudumu, si wa baiskeli nzima. Basi tukaenda kumwuliza bibi yake, mjane wa katekista.

Bibi alicheka kwanza, kisha akanyamaza kitambo. “Nani kawaambia alipewa?” akauliza. “Babu yenu alitembea kwa miguu miaka mingi. Alikwenda kufundisha dini akirudi na miguu imevimba, nami namkanda kwa maji ya moto. Baiskeli hii ni pamba yetu ya misimu miwili, Padri. Yeye alikuwa kwenye mafundisho, mimi nilikuwa shambani. Nilipalilia, nikachuma, nikachambua safi na fifi, mtoto mgongoni. Tuliinunua ikiwa mpya, tayari nchi ni yetu. Gurudumu ni lile lile.”

Wapendwa, hapo ndipo tulipoelewa nani angedhurika. Kwa mstari mmoja na muhuri mmoja, tungaliifuta jembe ya mama huyu na miguu ya mumewe, tena tukidhani tunaiheshimu familia. Tumezoea kudhani kwamba Amri ya Nane hulinda tu jina la mtu dhidi ya masingizio. Kumbe sifa ya uongo nayo huiba. Humpa mmoja zawadi asiyoitoa, na kumnyang'anya mwingine jasho alilolitoa.

Tuliandika barua ya kweli: Raleigh, gia tatu, habu ya Machi 1964, iliyonunuliwa kwa fedha za pamba na katekista na mke wake. Mnunuzi alishusha bei hadi laki mbili na nusu. Bibi aliridhia iuzwe, akisema pamba ile imezaa tena. Jumuiya yao imechanga kiasi, lakini fedha za upasuaji bado hazijatimia. Hatuwezi kuwaambia kwamba ukweli haukutugharimu. Umemgharimu zaidi yule asiye na kitu, na kwa sababu hiyo tunalo deni kwake, sisi tuliomshauri kuusema. Sadaka mtakayoguswa kuitoa ipelekeni kwa mwenyekiti wa jumuiya yao. Yetu tumekwisha kuipeleka.

Na nyumbani kwenu, waulizeni wazee wangali hai. Futeni grisi taratibu.

Tunawatakia Dominika njema.

Padri wenu,
Ngokolo