Nasaha kwa Mpwa wa Des Moines Kuhusu Mgahawa wa Waburma



Kijana aliyekulia mwambao wa Ziwa Tanganyika na sasa anaishi Des Moines, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, hana budi kuujua vizuri mgahawa wa Waburma ulio mtaani kwake, kwa kuwa hapo atapata majirani pamoja na chakula. Iowa imewapokea wakimbizi wengi kutoka Myanmar, nchi ambayo hadi 1989 jina lake rasmi kimataifa lilikuwa Burma, na imewapokea vilevile Wakongo, baadhi yao wakitokea kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Tena Burma si ngeni kwa wazee wa Afrika Mashariki, kwani mwaka 1944 askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki, wakiwemo vijana wa Tanganyika, walipigana katika bonde la Kabaw nchini humo, wengine wakazikwa huko.

Mgeni mwenye adabu hamwiti kila mhudumu Mbama, jina la kabila lililo kubwa kuliko yote nchini humo, maana mwenye mgahawa aweza kuwa Mkaren, Mchin au Mmon, na wengi wao walihama kwa sababu ya vita vilivyogusa makabila yao. Kwa hiyo mpwa aulize kwa upole mtu ametoka wapi, lakini asimhoji kuhusu mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 1 Februari 2021. Aliyeacha ndugu zake katika hatari atazungumza mwenyewe siku atakapotaka.

Kuhusu mlo, wali huwa ndio msingi, na michuzi, mboga na supu chachu huletwa mezani kwa pamoja ili kila mmoja ajipakulie kidogo kidogo, huku mkubwa akitengewa kwanza, desturi ambayo mpwa amelelewa nayo na hana haja ya kufundishwa upya. Aanze na mohinga, yaani tambi za mchele katika mchuzi mzito wa samaki, aghalabu kambare, uliopikwa kwa mchaichai, tangawizi na kiini cha shina la mgomba, ambao Waburma huupenda hasa asubuhi. Akiwa na hamu ya ladha ya pwani, aagize ohn no khao swè, tambi zenye kuku na tui la nazi. Lakini chakula kinachostahili subira zaidi ni lahpet thoke, kachumbari ya majani ya chai yaliyochachushwa, yakachanganywa na karanga, ufuta, vitunguu saumu vya kukaanga na mara nyingi kamba wakavu. Majani hayo yana heshima kubwa, kwa maana zamani wadaawa waliokubali hukumu waliyala pamoja kuonyesha kwamba ugomvi umekwisha.

Harufu ya ngapi, yaani samaki au kamba waliosagwa na chumvi na kuachwa wachachuke, isimfanye akunje uso, kwa sababu aliyezoea dagaa wakavu wanaoanikwa ufukweni hana haki ya kuidharau. Akienda na rafiki Mwislamu, amuulize mhudumu kabla ya kuagiza kama chakula kina nyama ya nguruwe na kama nyama nyingine ni halali, na asichoke kuuliza, kwani swali la heshima halimuudhi mpishi. Bahashishi ya asilimia 15 hadi 20 ni desturi ya Marekani, wala asiipunguze kwa kuwa mgahawa ni mdogo na wenyewe ni wapole. Hao ndio wanaoihitaji zaidi.

Basi mpwa aende Jumamosi hii, awachukue pia vijana wa Kikongo wa jirani, na amwamkie mama mpishi kwa heshima ileile ambayo angewapa mama zake wa Kigoma.

Mjomba wake,
Kigoma